Mabaka ya Kuwasha Yasiyokoma: Yanatoka Wapi na Nafuu Inapatikanaje



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie ugonjwa ambao kwa kawaida hauui, na ambao ni nadra kutajwa katika taarifa zetu za mwaka, lakini unawanyima watu usingizi, unawamalizia fedha na wakati mwingine unawatenga na wenzao. Ni ugonjwa wa ngozi kuvimba mabaka yanayowasha sana. Mabaka hayo hutokea ghafla, hutoweka baada ya saa chache, na kesho yake hurudi mahali pengine. Waganga wa hospitali huuita urtikaria. Jina hilo limetokana na jina la Kilatini la mmea unaowasha ukigusa ngozi, na mgonjwa yeyote atakuambia kwamba anajisikia kama mtu aliyemwagiwa upupu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa upande wa Dongobesh. Tumwite Mama Tluway. Hilo si jina la mtu halisi, ni mfano wa kutusaidia kufikiri, lakini wengi wenu mtamtambua katika vijiji vyenu.

Mama Tluway alianza kuwashwa wakati wa palizi. Kila jioni akirudi shambani, mapaja, mgongo na mikono huvimba mabaka. Wiki ya kwanza alidhani ni mbu. Wiki ya pili jirani akamwambia ni maharage, akaacha maharage. Baadaye akaacha mayai, maziwa na samaki, akabaki na ugali na mboga. Akauza debe mbili za mahindi ili achomwe sindano. Akapata nafuu siku tatu, mabaka yakarudi. Akauza mbuzi, akachomwa nyingine. Mwezi wa tatu watu wakaanza kunong'ona kwamba amelogwa, au ana ugonjwa wa kuambukiza. Kikombe chake kikatengwa. Kanisani akahamia benchi la nyuma kabisa, na siku ya Meza ya Bwana akabaki amekaa.

Tukitazama vizuri, mambo manne yamempata mama huyu: kuwashwa, njaa, umaskini na kutengwa. Katika hayo manne, ugonjwa ni moja tu. Matatu yaliyobaki yameletwa na sisi wanadamu kwa kutokujua, na ndiyo ambayo kamati ya parokia inaweza kuyaondoa hata kabla dawa haijafika.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya ngozi yetu kuna seli za ulinzi zilizobeba kemikali iitwayo histamini. Seli hizo zikishtuliwa huimwaga histamini. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, ngozi huvimba, na mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe wa kuwasha. Baada ya muda maji hunyonywa, na ngozi hurudi kama ilivyokuwa bila kovu. Wakati mwingine uvimbe hutokea ndani zaidi, kwenye midomo, kope, mikono au sehemu za siri, na huchukua hata siku mbili au tatu kwisha.

Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja kati ya watano hupatwa na mabaka haya angalau mara moja katika maisha yake. Wengi wao hupona baada ya siku au wiki chache. Yakiendelea kurudi kwa zaidi ya wiki 6, ugonjwa huhesabiwa kuwa sugu. Aina hii sugu humpata takribani mtu mmoja katika kila mia, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Jambo la kwanza la kutangaza kijijini ni hili: urtikaria haiambukizi. Haiambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kunyonyesha, kula sahani moja wala kunywa kikombe kimoja.

JINSI YA KUUTAMBUA

Si kila kinachowasha ni urtikaria. Katika wilaya za Mbulu na Hanang yapo magonjwa mengine ya ngozi yanayowasha, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Wanakamati wasijifanye madaktari, lakini wakijua tofauti hizi watamshauri mgonjwa vizuri zaidi.

1. Upele. Huu huletwa na kidudu kidogo kinachochimba ndani ya ngozi. Huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna. Upele unaambukiza. Wote wanaolala nyumba moja hutibiwa siku moja, na nguo na matandiko hufuliwa na kuanikwa juani. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017.

2. Kuumwa na viroboto, kunguni au mbu. Hasa kwa watoto, hutokea vipele vidogo vigumu miguuni na mikononi, vinavyokaa siku nyingi mahali palepale. Nyumba ambamo ndama na mbuzi hulala ndani huwa na viroboto wengi. Hapa dawa kubwa ni kuwatoa mifugo ndani, kufagia na kuanika matandiko. Tusiwadharau viroboto: mwaka 2007 wilaya ya Mbulu ilipata mlipuko wa tauni, ugonjwa ambao huenezwa na viroboto wa panya. Mtu mwenye homa kali na mtoki uliovimba na kuuma awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

3. Choa. Hiki ni kiduara chenye magamba pembezoni, kinachokua polepole kwa wiki nyingi. Hakihami.

4. Urtikaria yenyewe. Baka lake limevimba, halina magamba wala usaha, na hukaa mahali pamoja kwa muda usiozidi saa 24.

Ipo njia rahisi ya kupima jambo hilo la mwisho, na haigharimu chochote. Asubuhi chukua kalamu ya wino, zungushia baka moja duara, andika na saa. Kesho yake saa ileile tazama. Kama ndani ya duara ngozi imerudi kawaida, hata kama mabaka mengine yametokea kwingine, uwezekano mkubwa ni urtikaria. Kama baka liko palepale, linauma kuliko kuwasha, au limeacha alama kama ya jeraha la kugongwa, mgonjwa aende hospitali achunguzwe, kwa kuwa huenda mishipa ya damu yenyewe ina ugonjwa.

Vitabu vingi vya afya vinasema mabaka haya ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tumulike kwa tochi kutoka ubavuni na kupapasa kwa vidole, maana uvimbe huonekana na kusikika hata pale rangi isipobadilika. Aidha, mgonjwa anaweza kufika zahanati wakati mabaka yameshatoweka, akaonekana kama anadanganya. Kama familia ina simu yenye kamera, wampige picha mabaka yakiwa yametoka, waende nayo.

YANASABABISHWA NA NINI?

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mgonjwa anatafuta chakula kimoja chenye kosa, naye haoni. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina sugu hakuna kitu cha nje kinacholeta ugonjwa. Ni mwili wenyewe unaozishtua seli zake kimakosa. Kwa sehemu ya wagonjwa imeonekana kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na wadudu wa magonjwa, hugeuka na kuzichokoza seli hizo. Wengine huwa pia na ugonjwa wa tezi ya shingo.

Hata hivyo, yapo mambo yanayoweza kuanzisha au kuchochea mabaka, na inafaa kuyachunguza:

- Dawa za maumivu. Aspirini, diklofenaki na aibuprofeni huongeza mabaka kwa wagonjwa wengi, inakadiriwa robo yao hivi. Mtu anaumwa mgongo baada ya kulima, anameza diklofenaki, usiku anavimba mwili mzima. Mwenye ugonjwa huu atumie parasetamoli.

- Dawa za shinikizo la damu kama kaptoprili na enalaprili zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi. Mgonjwa akivimba hivyo aende hospitali haraka, ili daktari ambadilishie dawa. Asiache tu dawa za presha kwa uamuzi wake.

- Maambukizi. Kwa watoto, mafua na magonjwa ya koo mara nyingi hutangulia mabaka ya siku chache.

- Minyoo. Minyoo ya utumbo na kichocho inaweza kuleta kuwashwa na mabaka. Katika vijiji ambako watoto hutembea pekupeku na vyoo havitoshi, kupima choo kikubwa ni hatua ya busara. Minyoo ikionekana itibiwe. Ila tusimpe mtu dawa ya minyoo kila wiki kwa matumaini tu.

- Baridi, joto, jasho na mgandamizo. Wako wanaovimba wakiguswa na maji ya baridi au upepo wa asubuhi, jambo linaloonekana hasa miezi ya baridi huku kwetu nyanda za juu. Wako wanaovimba pale kamba ya mzigo ilipobana, au mwili unapopata joto kwa kazi. Mwenye aina ya baridi asijitose ghafla mtoni au bwawani, kwa sababu mwili mzima unaweza kuvimba na akazimia ndani ya maji.

Je, chakula? Kwa mabaka ya ghafla, mtu akila kitu akavimba ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hali hiyo ikajirudia kila akila kitu hichohicho, chakula kinaweza kuwa sababu. Kwa aina sugu ni nadra sana. Kwa hiyo mama anayenyonyesha, au mtoto anayekua, asinyimwe maziwa, mayai na maharage kwa kubahatisha. Tutakuwa tumemwondolea chakula, na kuwashwa kutabaki palepale.

NAFUU INAPATIKANAJE?

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kidonge cha kuzuia histamini. Vidonge vinavyopendekezwa ni vile visivyoleta usingizi mwingi, kama setirizini au loratadini. Kwa mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Watoto hupimiwa kwa umri na uzito. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo au ini wamwone mganga kwanza.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kumeza kidonge pale tu mwili unapowasha. Kwa aina sugu, kidonge humezwa kila siku, hata siku ambayo hakuna baka, kwa sababu kazi yake ni kuizuia histamini kabla haijafanya kazi. Ukisubiri nyumba iwake moto ndipo uende kuchota maji, utakuta mengi yameungua.

Kidonge kimoja hakiwatoshi wote. Miongozo ya kimataifa inamruhusu daktari kuongeza dozi hatua kwa hatua, hadi mara nne ya dozi ya kawaida kwa mtu mzima, kama nafuu haijapatikana baada ya wiki mbili hadi nne. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa mgonjwa wala wa muuza duka la dawa. Wale wachache wasiopata nafuu hata hapo hupelekwa hospitali kubwa, kwani zipo dawa nyingine, zikiwemo sindano za kisasa ambazo bado ni ghali sana kwa watu wa kwetu.

Na ile Piriton inayojulikana kila duka? Dawa hiyo huzuia histamini pia, lakini huleta usingizi na uzito wa kichwa unaoweza kudumu hadi kesho yake. Mwendesha bodaboda, dereva wa trekta na mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wasiitegemee kwa miezi mingi.

Sasa tuseme wazi kuhusu sindano. Sindano ambazo wagonjwa huzifuata mara nyingi huwa ni za steroidi, kwa mfano deksamethasoni au haidrokotisoni, na vidonge vyake ni prednisoloni. Dawa hizi zina nafasi yake. Daktari anaweza kuzitoa kwa siku chache mabaka yakiwa makali mno. Zikirudiwarudiwa huleta madhara: sukari na shinikizo la damu kupanda, mifupa kudhoofika, uso kuvimba kama mwezi, na kifua kikuu kilichojificha kuamka. Ipo pia aina ya minyoo, strongiloidi, inayoweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi, minyoo huzaliana na kusambaa hata kumuua. Mgonjwa ambaye ametumia steroidi kwa wiki nyingi asiache ghafla, bali amwone daktari ampunguzie taratibu.

Nyumbani, mambo haya husaidia:

1. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida kiwekwe juu ya mabaka, isipokuwa kwa mwenye aina inayoletwa na baridi. Losheni ya kalamini hutuliza kidogo.
2. Kuoga maji yasiyo ya moto, na kuvaa nguo za pamba zisizobana.
3. Kukata kucha, hasa za watoto, ili kujikuna kusilete vidonda.
4. Kuacha pombe, maana huongeza mabaka.
5. Kutokupaka mafuta ya gari, sabuni kali, majivu wala krimu za kujichubua.

Kuna habari njema pia. Kwa wengi ugonjwa huu hauwi wa maisha. Hukaa miezi kadhaa au miaka michache, kisha huondoka wenyewe. Kazi ya dawa ni kumwezesha mgonjwa kulala, kulima na kusali kama wengine wakati akiusubiri uondoke.

DAFTARI LA WIKI MOJA

Madaktari wa ngozi hupima ukali wa ugonjwa huu kwa maswali mawili tu, na mtu yeyote anayejua kuandika anaweza kuyajibu katika daftari la shule kila jioni.

Swali la kwanza: leo nimepata mabaka mangapi? Hakuna, andika 0. Chini ya 20, andika 1. Kati ya 20 na 50, andika 2. Zaidi ya 50, au mabaka makubwa yaliyoungana, andika 3.

Swali la pili: leo nimewashwa kiasi gani? Hapana, andika 0. Kidogo, andika 1. Kwa kusumbua lakini nimeweza kufanya kazi na kulala, andika 2. Sana hata kushindwa kulala au kufanya kazi, andika 3.

Jumlisha siku saba. Jumla kubwa kabisa ni 42. Ikiwa 6 au chini yake, ugonjwa umedhibitiwa. Ikiwa 28 au zaidi, ni mkali, na dawa inayotumika haitoshi. Mgonjwa akienda na daftari hilo zahanati, mganga ataona kwa dakika moja jambo ambalo maneno ya nusu saa yasingelionyesha. Asiyejua kusoma anaweza kusaidiwa na mwanawe au na mwanakamati.

DALILI ZA HATARI

Mara nyingi urtikaria inasumbua bila kuhatarisha maisha. Lakini mabaka yakija pamoja na mojawapo ya dalili hizi, ni dharura:

- ulimi au koo kuvimba, sauti kukwaruza, kushindwa kumeza;
- kupumua kwa shida au kifua kukoroma;
- kizunguzungu, kuzimia, mwili kuwa baridi;
- kutapika au tumbo kuuma sana ghafla, hasa baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kuchomwa dawa.

Hali hii inaweza kuua ndani ya dakika chache. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio havitoshi. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au aketi kama anapumua kwa shida. Asisimamishwe wala kutembezwa. Katika maeneo yetu, ambako warina asali ni wengi na barabara za vijijini huharibika wakati wa masika, zahanati isiyo na adrenalini iko mbali mno na hospitali.

IMANI NA KUTENGWA

Tunaomba wachungaji, mapadre, makatekista na wainjilisti watusaidie hapa. Watu wakiona ngozi imeharibika huuliza haraka, "Amefanya nini?" Ni swali la zamani. Rafiki zake Ayubu walipomwona amejaa majipu walitumia maneno mengi kumthibitishia kwamba ametenda dhambi, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Na katika Walawi 13, kuhani aliyeletewa mtu mwenye alama ya ngozi hakuruhusiwa kumhukumu kwa kumtupia jicho tu. Aliagizwa atazame kwa makini, na kama alama haikuwa wazi angoje siku saba, kisha atazame tena. Kama kuhani wa zamani alisubiri siku saba kabla ya kusema neno, sisi nasi tusiharakishe kusema ni uchawi.

Maombi ni mema, na mgonjwa anayahitaji. Yaende pamoja na kidonge. Mtu aliyeombewa asiambiwe atupe dawa ili kuonyesha imani, wala mabaka yakirudi asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Mabaka haya huja na kuondoka yenyewe, ndiyo tabia yake. Kwa sababu hiyo mganga wa ramli hujipatia sifa kirahisi: mabaka yanaondoka jioni, anasema ni yeye, na yakirudi kesho anadai mbuzi wa pili.

KAZI YA KAMATI NA NAFASI YA WAFADHILI

Tunapendekeza kila kamati ifanye mambo matano katika robo mwaka ijayo:

1. Kutangaza baada ya ibada, katika jumuiya ndogondogo na kwenye mikutano ya akina mama, kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Pale inapofaa itangazwe kwa Kiiraqw na Kidatoga pia, ili bibi na babu nao wasikie.
2. Kuwatembelea wenye kuwashwa kwa zaidi ya wiki 6, kuwasaidia kufanya kipimo cha duara na kuanza daftari.
3. Kuwapeleka zahanati au kituo cha afya kabla hawajauza mifugo. Wanaohitaji uchunguzi zaidi, kwa upande wa Mbulu ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, na kwa upande wa Hanang ipo hospitali ya wilaya mjini Katesh.
4. Kuuliza zahanati ya karibu kama ina setirizini au loratadini, na kama ina adrenalini ambayo muda wake haujapita. Jibu liandikwe katika taarifa ya kamati.
5. Kumrudisha aliyetengwa. Mwenyekiti wa kamati akiketi naye benchi moja na kula naye, kijiji kizima kitaelewa kuliko kwa tangazo.

Kwa marafiki wafadhili, tunaona ni haki yenu kujua fedha zinakwenda wapi. Mgonjwa mmoja anayemeza kidonge kimoja kwa siku anahitaji vidonge 90 kwa miezi mitatu. Aliyepandishwa na daktari hadi vinne kwa siku anahitaji 360. Ni dawa za kawaida, zisizohitaji jokofu wala mtaalamu kutoka nje. Kinachokosekana ni kwamba ziwepo mfululizo, kwa sababu dawa ya kila siku inayopatikana wiki moja na kukosekana wiki tatu haimsaidii mgonjwa.

Jambo la pili ni watu. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992. Huwafundisha waganga wasaidizi na wahudumu wengine wa afya, kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika, kutambua na kutibu magonjwa ya ngozi, kisha hurudi kufanya kazi kwao. Kumsomesha mtu mmoja wa wilaya zetu huko ni kuwekeza kwa miaka mingi, kwa sababu atatibu pia upele, ukoma, choa na vidonda sugu.

HITIMISHO

Turudi kwa Mama Tluway. Akianza kidonge chake na kukimeza kila siku, huenda kuwashwa kukapungua baada ya wiki chache, au huenda ikabidi daktari amwongezee dozi na asubiri zaidi. Hilo hatuwezi kumwahidi. Lakini tunaweza kumwahidi mengine matatu, na kuyatimiza wiki hii. Arudishiwe maharage, mayai na maziwa yake. Asiuze mbuzi mwingine kwa ajili ya sindano ya siku tatu. Na Jumapili ijayo aitwe kutoka benchi la nyuma, apewe nafasi yake mbele pamoja na wenzake, hata kama mikono yake bado imevimba.